Menifodi na Mizani: Kwa Nini Malenga Aende Gereji

Katika miaka yote niliyosoma na kufundisha ushairi, sijakutana na mshairi aliyelitia neno menifodi katika kina. Jahazi limeimbwa, gari moshi limeimbwa, hata simu ya mkononi imepata watunzi wake. Kile kifaa kinachoigawia injini hewa yake kimeachwa gizani chini ya boneti, na wengi wetu hatujui hata sura yake. Naandika leo kukiombea nafasi katika ukurasa huu wa washairi na wapenzi wa lugha, nikijua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza fundi na malenga wana ujamaa gani.

Dai langu ni hili: msamiati wa ufundi katika Kiswahili huzaliwa gerejini, na hudhoofika kwa sababu sisi tunaojiita walinzi wa lugha hatuendi kuusikiliza. Udhaifu huo una gharama, nayo hulipwa kwa fedha, kwa siku zinazopotea na kwa mazao yanayoozea njiani.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana haifai kubishania jina la kitu ambacho msomaji hajakiona. Injini ya dizeli imechukua jina la Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897. Siri ya injini hiyo ni hewa. Injini ya petroli huhitaji plagi itoe cheche. Ya dizeli haina haja nayo. Pistoni huisonga hewa ndani ya silinda mpaka ibaki sehemu moja tu kati ya 16 hadi 22 za ujazo wake wa awali. Kwa kusongwa hivyo hewa hupata joto kali, na dizeli ikinyunyiziwa humo na nozeli, huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii hula hewa kabla ya kunywa mafuta, na ikinyimwa hewa, mafuta yanayoingia hayaungui yote; hutoka nje yakiwa moshi mweusi.

Hewa hiyo huingia kupitia chujio. Kama gari lina tabo, yaani kile kifeni kinachozungushwa na nguvu ya moshi ili kuisukuma hewa, hewa hupita hapo kwanza. Kisha hufika kwenye bomba pana lenye matawi, kila tawi likielekea kwenye silinda yake. Bomba hilo ndilo menifodi. Mwisho wa safari kuna bomba jingine lenye matawi, ambalo huupokea moshi kutoka katika kila silinda na kuupeleka kwenye ekzosi. Hilo nalo ni menifodi. La kwanza hugawa, la pili hukusanya. La kwanza hupitisha hewa safi, na aghalabu ni la aluminiamu au plastiki ngumu. La pili hupitisha moshi wa moto, na aghalabu ni la chuma kizito cha kusubu. Kazi zao ni mbili zinazopingana, na jina lao ni moja.

Kisa kilichotokea Mikumi kinatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Pikapu ya dizeli ilikuwa ikitoka upande wa Malolo ikiwa na shehena ya vitunguu, ikielekea Morogoro. Ilipoanza kupanda milima ya Iyovi ilikosa nguvu. Dereva akakanyaga mafuta, gari likajibu kwa moshi mweusi na mluzi mwembamba uliotoka chini ya boneti. Kwa kujikokota likafika Mikumi na kuingizwa katika gereji moja kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Mwenye mzigo alikuwa mama mfanyabiashara, naye alikuwa amekaa mbele, akihesabu saa.

Fundi hakuchukua muda kuujua ugonjwa. Aliliwasha gari, akamwagiza kijana wake apige resi, akainamisha sikio. Mluzi ulitoka kwenye menifodi ya hewa. Palikuwa na ufa karibu na sikio la bolti, na ufa huo ulikwisha kuzibwa zamani kwa gundi ya chuma, nayo gundi ikachoka. Hewa iliyosukumwa na tabo ilikuwa ikivujia hapo badala ya kwenda kwenye silinda. Kuchomelea aluminiamu kunahitaji mtambo wa gesi ambao pale haukuwapo, na kuziba tena kwa gundi ni kuahirisha msiba. Ikaamuliwa kwamba menifodi ibadilishwe.

Fundi akapiga simu Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka hapo, kwa muuzaji wa spea.

“Bosi, habari za mchana? Una menifodi ya injini hii?” Akataja namba ya injini.

“Ipo, fundi. Imetoka Japani, safi kabisa.”

“Nitumie na basi la usiku.”

Asubuhi boksi likafika, na ndani yake mlikuwa na chuma kizito, cheusi, kilichoungua kingo: menifodi ya moshi. Ikabidi kupiga simu tena, kubishana tena, kulipa nauli ya mzigo tena, na kungoja usiku mwingine. Usiku huo mvua ikanyesha, na turubai lilikuwa na matundu. Mama yule akaanza kuuza vitunguu vyake kwa ndoo, kando ya barabara, kwa bei ya kutupa, ili aokoe kilichookoleka.

Wote wawili walisema kweli. Muuzaji aliulizwa kama ana menifodi, naye alikuwa nayo. Fundi aliagiza menifodi, naye akaletewa. Kilichowaangusha ni neno lisilojua kutofautisha.

Najua majibu mawili yatakayotolewa hapa. La kwanza litatoka kwa ndugu zangu wa fasihi: kosa ni kukopa; neno hili la kigeni lifukuzwe, litafutwe la Kibantu. La pili litatoka kwa wale wanaoamini kwamba ufundi una lugha yake, nayo ni Kiingereza: fundi angejifunza jina kamili la kitabuni, asingekosea. Nayakataa yote mawili, na nitaeleza kwa nini.

Kwa walio upande wa kwanza, naomba tutazame maneno tuliyo nayo. Gari lenyewe ni neno lililotoka Bara Hindi. Bomba lilitoka kwa Wareno, na parafujo pia. Usukani ni wa Kiarabu, nao ulikuwa wa chombo cha baharini karne nyingi kabla haujashikwa na dereva wa basi la Kilosa. Hakuna anayesimama stendi na kulalamika kwamba usukani ni neno la kigeni. Hata reli iliyopita Kilosa, ile reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipata maneno yake kwa njia hiyo. Zile mbao na vyuma vinavyolazwa chini ya reli tunaviita mataruma, na taruma ni neno la waunda majahazi, kwa mbao zinazokaza ubavu wa chombo. Mtu fulani, ambaye jina lake hatutalijua kamwe, aliitazama reli ikilazwa bara, akakumbuka mbavu za jahazi. Huyo alikuwa mshairi, ingawa huenda alikuwa amebeba sururu.

Pale Kimamba, katika mashamba ya mkonge, wafanyakazi walipokea mashine ya kuchakata majani na kuiita korona, wakilifuata jina lililoandikwa na kiwanda, na nyuzi zilizopigwa brashi wakaziita singa. Neno moja limekopwa, jingine limetoka katika lugha yenyewe, na yote mawili yakafanya kazi ubavu kwa ubavu bila kugombana. Kukopa si ugonjwa. Ugonjwa ni kukopa neno moja kwa vitu viwili na kuliacha hivyo hivyo.

Sisi washairi ndio wa mwisho wenye haki ya kudharau maneno ya kazi. Tazama istilahi zetu wenyewe. Mizani tumeitoa dukani, mahali panapopimwa sukari na mchele. Ubeti, kwa asili yake ya Kiarabu, ni nyumba. Kituo ni mahali pa msafiri kupumzika. Kibwagizo kimetokana na kubwaga, kama mpagazi anavyobwaga mzigo. Bahari za ushairi ni bahari zile zile za mabaharia. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoanza maisha yake katika kitabu cha nadharia. Wazee walichukua neno lililokuwa mikononi mwa watu na kulipa kazi ya pili, na kazi hiyo ikalikaa sawasawa. Iwapo mizani ya muuza mchele iliweza kupima mashairi, kwa nini neno la mkulima lisiweze kutaja kipande cha injini?

Kwa walio upande wa pili, wanaosema ufundi una lugha yake, nitawaeleza jinsi menifodi ile ilivyobadilishwa, kwa maneno ya wale walioibadilisha. Injini iliachwa ipoe, na waya hasi wa betri ukafunguliwa. Mipira ya hewa ikalegezwa kwenye klipu zake. Waya za sensa zikatiwa alama kabla ya kuchomolewa, ili kila mmoja urudi kwao. Bolti zikalegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati, ili chuma kisipinde. Menifodi ilipotoka, matundu ya hedi yakazibwa upesi kwa matambara safi, kwa sababu nati moja ikidondokea ndani ya silinda hugeuza kazi ya siku moja kuwa ya mwezi. Gasketi ya zamani ikakwanguliwa kwa subira, bila kuuchubua uso wa hedi. Uso ukafutwa hadi ukakauka. Gasketi mpya ikawekwa, menifodi ikakaa mahali pake, na safari hii mwendo ukageuzwa: bolti za katikati kwanza, kisha za pembeni, kwa kupishana, kwa duru tatu, mpaka zikafikia mkazo uliowekwa na mtengenezaji. Ndipo gari likawashwa, na fundi akainamisha sikio kwa mara nyingine. Mluzi haukuwapo.

Hesabuni maneno ya kukopa katika aya hiyo. Karibu yote ni majina ya vitu: injini, betri, klipu, sensa, bolti, hedi, nati, gasketi. Sasa hesabuni vitenzi: kulegeza, kuchomoa, kuziba, kupinda, kukwangua, kuchubua, kufuta, kupishana, kuinamisha. Vyote ni vyetu. Fundi hukopa jina la kitu kilichokuja na meli, lakini tendo la mkono wake hulisema kwa lugha aliyonyonya. Hata mara chache anapokopa kitenzi, hukivisha kanzu ya hapa: injini inamisi, ilikuwa ikinoki, haijanoki tena. Viambishi vyetu hukipokea kitenzi hicho kama mkwe, na baada ya mwezi hakuna akumbukaye kwamba alikuja kutoka mbali. Anayesema ufundi hauna Kiswahili hajasimama gerejini muda wa kutosha.

Tena, kuna taswira. Injini yenye ringi zilizochakaa, mafundi husema inapumua, kwa kuwa hewa ya silinda hupenya chini na kufukia kwenye mdomo wa kujazia oili. Gari lisilo na nguvu halivuti. Injini hula oili, huchemka, hukohoa, hufa. Gari la kutengenezwa kila siku ni spana mkononi. Hii ni tashihisi na sitiari iliyotungwa na watu ambao hatujapata kuwaalika katika kongamano lolote la ushairi. Na taswira hizi zina faida ya kazi. Kijana akishajua kwamba injini hupumua, humwelewa fundi anapomwambia kwamba ufa kati ya chujio na silinda utaiingizia vumbi mapafuni, na kwamba vumbi hilo litasaga ringi mpaka injini ianze kupumulia pasipostahili. Walioipita barabara ya Kilosa kwenda Mikumi wakati wa kiangazi wanalijua vumbi hilo. Taswira moja imefunza sababu na matokeo, bila ubao wala chaki.

Gereji za namna hiyo, zilizo chini ya miti na bila leseni ukutani, watu huziita gereji bubu. Serikali ina sababu zake za kuziita hivyo, kwa kuwa hazimo katika daftari lake. Kwa upande wa lugha, jina hilo ni kinyume cha hali halisi. Mahali pale panasema kutwa nzima. Sisi ndio viziwi.

Nilikuwa Mikumi siku zile, na kazi ilipokuwa ikiendelea nilisogea karibu na kijana mwanagenzi aliyekuwa akiosha menifodi iliyoletwa mara ya pili.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hiki mnakiitaje?”

“Menifodi.”

“Na kile kilicholetwa jana?”

“Menifodi pia, mwalimu.”

“Sasa ninyi wenyewe hapa mnatofautishaje?”

Akatabasamu, akaiinua ile ya aluminiamu ili niione vizuri. “Hapa kwetu hii tunasema chane. Itazame ilivyokaa, mwalimu, si kama chane ya ndizi? Ile ya moshi ndiyo menifodi.”

Nikamgeukia fundi mkuu na kumuuliza kwa nini basi hakusema chane alipopiga simu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni. “Mzee wangu, chane wangeielewa wapi mjini?”

Wapenzi wasomaji, jibu la fundi huyo ndilo lililonifanya niandike. Neno lilikuwapo. Lilikuwa fupi, la Kiswahili safi, lenye picha ambayo mtoto yeyote wa mkoa wa Morogoro angeielewa, maana hakuna asiyeijua ndizi: shina moja pana, na vidole vimepangika vikielekea upande mmoja. Lilijua kutofautisha. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba halikuwahi kuvuka ukuta wa gereji ile. Hapakuwa na kamusi ya kulibeba hadi dukani Dar es Salaam, wala orodha, wala bango, wala shairi. Basi fundi, akiwa mtu mwenye busara, aliliacha nyumbani neno bora akasafiri na lile linalojulikana.

Kulibeba neno la namna hiyo ni kazi ya nani? Tunazo taasisi, na sizibezi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, ikatupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na baadaye kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Mtaalamu kutoka Polandi, Rajmund Ohly, aliyefanya kazi Dar es Salaam kwa miaka mingi, alichapisha kamusi ya awali ya ufundi mwaka 1987. Kazi hizo ni za heshima. Lakini injini za mwaka 1987 hazikuwa na sensa hizi wala kompyuta hizi, na lugha ya mafundi haikungoja toleo jipya.

Uundaji wa istilahi umetufunza jambo moja ambalo kila msomaji wa ukurasa huu analifahamu kwa uzoefu. Barua pepe imekubalika, tovuti imekubalika, mtandao umekubalika. Tarakilishi na ngamizi zimebaki kwenye karatasi za mitihani huku nchi nzima ikisema kompyuta. Rununu nayo haijaipokonya simu ya mkononi nafasi yake. Neno linalopona ni lile ambalo watu wamelizoea mdomoni, au lile linalowaonyesha picha wanayoitambua. Chane lina sifa zote mbili. Hata hivyo siombi liamriwe kwa waraka. Huenda Tanga wana neno jingine, huenda Mombasa wana la tatu, na pengine Zanzibar fundi ameazima sehemu ya jahazi. Naomba liandikwe, liwekwe kando ya wenzake, ili wanaolihitaji walipate na kuchagua. Na pale ambapo hakuna chane, basi menifodi ibaki, lakini isitajwe bila kamilisho lake: menifodi ya hewa, menifodi ya moshi. Maneno mawili ya ziada kwenye simu yangeokoa shehena ya vitunguu.

Nazungumza pia kama mwalimu. Nimewaona vijana wengi wakimaliza kidato cha nne wakiwa wamekariri kwa Kiingereza hatua za injini, na kupata alama, kisha wakasimama mbele ya injini yenyewe wasijue wanatazama nini. Fizikia waliyofundishwa haikuwa na mkono wala sikio. Upande wa pili wa barabara wapo wenzao walioacha shule darasa la saba, ambao hutambua ufa kwa mluzi lakini hawana neno la kuwaunganisha na kitabu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungulia Kiswahili mlango wa kufundishia katika ngazi zote, lakini mlango uliofunguliwa hauingiwi na mtu asiye na mzigo wa kuingia nao. Mzigo huo ni msamiati, na sehemu yake kubwa imelala chini ya miti, ikiwa imepakwa grisi. Mwalimu wa fizikia akiwa na chane mkononi na picha ya ndizi ubaoni, ataeleza kwa dakika tano kile ambacho wanafunzi wake hukariri kwa muhula mzima.

Ndiyo maana namtaka malenga aende gereji. Mshairi amefunzwa mambo mawili ambayo mwanaistilahi wa ofisini huenda hana. Ana sikio la kupima neno, hivyo atajua mara moja kwamba chane ya hewa ni mizani tano nyepesi ambazo zitatoka mdomoni mwa mtu aliyelala chini ya gari akiwa ameshika spana kwa meno. Tena ana jicho la kuona ufanano, na kutaja kitu kwa ufanano ndiyo kazi yake ya kila siku. Mji wa Mikumi wenyewe husemwa umepewa jina kutokana na miti ya mikumi iliyokuwa ikionekana uwandani. Waliotaja walitazama kwanza.

Nami, ili nisiwe mhubiri asiyefunga, nimetunga ubeti huu kwa ajili ya fundi yule na mwanagenzi wake:

Gari likikosa hewa, halipandi mlimani,
Kwa moshi likazidiwa, mweusi wa tanurini,
Jina lisipojuliwa, huja kingine dukani,
Tusione haya kuwa, wanafunzi gerejini.

Ni ubeti wa kawaida, na mafundi wa tungo watauona ulivyo. Nautoa uwe changamoto. Wengine waandike juu ya nozeli, juu ya tabo, juu ya gasketi ya hedi iliyoungua. Mafundi watawasahihisha, na kusahihishwa huko ndiko kujifunza.

Pendekezo langu la vitendo ni dogo. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, kwa hotuba, ngonjera na fulana. Mwaka ujao, kabla ya siku hiyo, kila mmoja wetu aende katika gereji iliyo karibu naye na daftari. Asiende na orodha ya maneno ya kuwafundisha mafundi. Anunue chai, aketi, aulize jina la kitu, aulize hicho nacho hutofautishwaje na kile, na aandike neno, mahali lilipotumika, na sentensi nzima kama ilivyosemwa. Maneno kumi yatatosha. Vijana wa vyuo vya ufundi stadi, na Mikumi kipo chuo cha VETA, wanaweza kuchora kifaa. Sisi tuandike jina. Tukiyakusanya na kuyapeleka kwa Baraza na kwa wauza spea kwa pamoja, tutakuwa tumefanya kazi ambayo tungo zetu nyingi za kuisifu lugha hazijaifanya.

Mimi nimeanza. Katika daftari langu yamo maneno ishirini na tatu kutoka gereji tatu za Kilosa na Mikumi, na la kwanza ni chane.